Munganga Kuku na Kopo la Safari

Kwa siku kumi na moja Élysée Lwamba alizunguka nchi ya Kasongo na Kabambare akiwa ametamia vichupa kwapani. Ndiyo, ametamia, neno ni hilohilo. Yeye mwenyewe ndiye hulitumia akisimulia habari hii, tena hulisema mapema kabla hujapata nafasi ya kumcheka, kisha huonyesha jinsi alivyokuwa akitembea, mkono umebana ubavuni kama mtu aliyeficha mkate.

Vichupa hivyo vilitoka maabara moja ya Bukavu alikofanya kazi. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na unga mweupe kidogo, na ndani ya unga walilala bakteria waliokaushwa kama hamira. Ukiwatilia maji, wanaamka. Wakiona maji hayana zebaki, wanakaa kimya na maji yanabaki yalivyo. Wakiikuta zebaki, hata iwe kidogo namna gani, wanatoa rangi nyekundu, na zebaki ikizidi wekundu unakolea. Wataalamu huviita vihisi hai. Na zebaki ndiyo ile ambayo wachimbaji wetu huiita merikiri, maji mazito ya fedha wanayochanganya na mchanga ili yashike dhahabu, halafu wanayachoma, moshi unakwenda zake na dhahabu inabaki.

Shida ni kwamba bakteria hao wanapenda raha. Wanataka joto kama la mwili wa mtu, saa sita mfululizo. Bukavu liko sanduku la umeme kwa kazi hiyo. Barabara ya Kabambare ina matope tu. Basi Élysée, mwenye shahada mbili, alikata kipande cha kikwembe cha mama yake, akashona vifuko, akajifunga kifuani, akatia vichupa kwapani na kushusha mkono. Alikula mkono umeshuka. Alisalimia machifu mkono umeshuka, na chifu mmoja alinuna mpaka alipoelezwa. Mwenye pikipiki aliyekuwa akimbeba, Bisimwa, mtu wa Walungu kule Kivu aliyechimba dhahabu miaka saba kabla ya kununua pikipiki, alimtazama siku ya kwanza tu akampa jina lililomtangulia kila kijiji: Munganga Kuku, yaani daktari anayetamia.

Lakini usidhani ni mshahara uliomtoa Bukavu. Mama yake, Mama Pascaline, aliyebaki nyumbani Kasongo, alikuwa anatetemeka mikono. Ilianza mwaka mmoja kabla baba yake Élysée, marehemu Christophe, hajafariki, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Kwanza sindano ilimshinda, halafu chumvi ikawa inamwagika nje ya sufuria. Sasa chai alikunywa kwa kushika kopo kwa mikono miwili, na kanisani aliificha mikono ndani ya kikwembe ili watu wasimwangalie. Wengine walisema ni uzee. Wengine, kwa sauti ndogo, walimtaja jirani, Mama Nadine, kwamba ana jicho baya, na Mama Pascaline aliacha kumsalimia. Miaka miwili sasa, ua kwa ua, hakuna hata hodi.

Élysée hakutaka kusikia habari za jicho. Alikuwa amesoma kwamba zebaki ikimwingia mtu, mikono ndiyo hutangulia kusema. Akaapa kwamba atayatafuta maji yaliyompa mama yake sumu, atayapata, na atayafunga. Alipoomba vichupa kwa mkubwa wake alisema ni kwa ajili ya sayansi. Uongo mtupu. Alitaka mkosaji wa kumnyooshea kidole.

Akaanzia Nyangwe. Alichota maji ya Lualaba kwa kata la plastiki alilopewa maabara, akajaza vichupa sita, akatamia. Baada ya saa sita vyote sita vilikuwa vyeupe pe. Élysée akakasirika. Jamani, mtaalamu wa maji amekasirika kwa sababu maji ni mazuri! Akaona picha moja basi itamfariji, akapanda mtumbwi wa mvuvi, akasimama, akapiga kifua mbele ya simu, akayumba, na kata la maabara likatumbukia mtoni. Wavuvi walilitazama likienda. Mmoja alimuuliza kama na hiyo ni sehemu ya kipimo.

Akarudi Kasongo kujiandaa kwa barabara ya Kabambare. Asubuhi ya safari mama yake alimletea kopo la bati, la rangi ya buluu, lililobanduka banduka chini.

"Weye usikunywe mu kopo ya watu," akamwambia. "Huko mbele haujue mutu. Kunywa mu yako tu."

Kwetu msafiri kubeba kopo lake si maringo. Watu wanaogopa kutiliwa kitu, hasa mgeni anayekwenda upande wa machimbo, na mama asiyempa mwanawe kopo la safari majirani watamuuliza ana nia gani. Mama Pascaline alikuwa nayo mawili, pacha, ya marehemu mume wake.

"Hii chukua weye. Ile ingine nabaki nayo," akasema, na kopo likitetemeka mkononi mwake. "Asubui nikikunywa chai, najua na weye unakunywa. Itakuwa sawa tuko wote."

Élysée alilipokea, akaona pia kwamba limetatua shida ya kata. Bakuli la kuchotea maji amelipata bure! Akajisifu moyoni kwa akili yake.

Kulikuwa na jambo lingine, na hapa Élysée akisimulia hujipiga kofi dogo la paji la uso. Maabara ilimpa chupa ya maji safi kabisa, lita nzima, na sheria moja: kila unapopima maji ya mto, tia na maji haya safi kwenye kichupa kingine, kwa chombo kilekile. Hayo safi yakigeuka nyekundu, ujue kosa liko kwako, si mtoni. Sheria rahisi. Siku ya pili mnyororo wa pikipiki ulikatika katikati ya jua, mbali na nyumba yoyote. Bisimwa alifanya kazi saa tatu, akitukana mnyororo kwa Kishi, lugha ya kwao. Élysée alikaa chini ya kivuli cha mzigo, akaiangalia ile chupa. Akaionja. Akajiambia ni funda moja. Mnyororo ulipopona, chupa ilikuwa tupu.

"Na ile maji ya kipimo?" Bisimwa akauliza.

"Ilikuwa ya desturi tu," Élysée akajibu. "Mtu anayejua kazi yake haihitaji."

Siku iliyofuata walifika Lusangi. Élysée alisuuza kopo mara tatu mtoni, kwa utaratibu kama padre, akachota, akajaza vichupa, akatamia. Saa sita baadaye alivitoa mbele ya watu. Vyekundu! Vyote! Moyo ulimruka kwa furaha, na dakika ileile aliona haya, maana watu walioyanywa maji hayo tangu kuzaliwa walikuwa wamesimama pale wakimwangalia akitabasamu. Akapanda kilima penye mtandao, akampigia mama yake.

"Mama, nimeipata!"

"Umekula?"

"Mama, nasema nimeipata ile sumu. Iko mu maji."

"Nimesikia. Nauliza, umekula?"

"Nimekula. Usikunywe maji ya mto kabisa."

"Mi sikunywe ya mto. Nakunywa ya kuchemusha, mu kopo yangu."

"Vizuri hivyo, mama," akasema Élysée. Mtaalamu! Akasema vizuri hivyo.

Kutoka hapo kila mahali palikuwa pekundu. Kijito hiki chekundu, kisima kile chekundu. Élysée alianza kuongea kwa sauti nzito asiyokuwa nayo. Alipofika Kalubela, kijiji cha wakulima ng'ambo ya Lusangi, alikuwa amevimba kichwa kiasi kwamba kofia ingemkataa.

Kalubela wana chemchemi moja, inatoka kwenye jiwe, baridi, na wanawake wameijengea ukuta mdogo wa mawe. Mwenyekiti wa chemchemi ni Mama Estelle, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mashamba ya mbali. Alimruhusu achote, akangoja saa sita zote amekaa mbele yake, hamwachi hata aende msalani peke yake. Vichupa vilipotoka vyekundu, Mama Estelle hakupiga kelele. Aliviangalia, akamwangalia Élysée.

"Hii maji bibi yangu aliikunywa," akasema. "Weye iko na hakika?"

Hapo ndipo mtu mwenye adabu angesema: mama, nilikunywa maji ya kipimo, kwa hiyo sina hakika. Élysée alisema, "Sayansi haidanganyi."

Basi wanawake wakakata matawi wakaifunga chemchemi yao. Jioni ileile walianza kushuka bondeni kwenye kijito kingine, mwendo wa saa nzima kwenda na saa na nusu kupanda, na mabidoni ya maji kichwani. Vijana nao walisimama kando wakiangalia kilima ambacho ng'ambo yake wako wachimbaji waliotoka Kivu. Mmoja akasema hao wageni ndio wametuua. Kisha wote wakageuka kumwangalia Bisimwa, ambaye kosa lake lilikuwa kukaa juu ya pikipiki akila karanga.

Njiani Bisimwa alipunguza mwendo, akageuza kichwa.

"Mi najua merikiri," akasema. "Nimeishika na hii mikono. Wale watu wako ng'ambo ya kilima. Maji yao inashuka upande mwengine. Namna gani imepanda mulima kuingia mu jiwe?"

"Inaweza kupita chini ya ardhi."

"Iko na miguu?"

Kabambare mvua iliwakuta. Walijikinga barazani kwa muuza duka mmoja, Mama Nabintu, maji yakimwagika kutoka bati hadi chini. Élysée, kwa ubishi, alikinga kopo lake moja kwa moja angani, mbali na paa, akajaza kichupa na kutamia. Asubuhi akakitoa. Chekundu.

Bisimwa akakichukua, akakishika juu kwenye mwanga. "Kumbe hata mbinguni wanachimba!" akasema. "Malaika nao wamepata karye ya dhahabu!"

Mama Nabintu alicheka mpaka akashika mlango. Élysée alianza kueleza kwamba moshi wa zebaki hupanda hewani na kurudi na mvua, jambo ambalo ni kweli vitabuni, lakini alisikia sauti yake mwenyewe ikipungua. Mvua ya usiku mzima isiyopita hata juu ya paa, nyekundu kuliko mto wa Lusangi?

"Mama Nabintu," Bisimwa akaita, "leta maji ya chupa, ile ya dukani, haijafunguliwa. Nalipa mimi." Akaifungua mbele yao. "Sasa Munganga Kuku. Kichupa kimoja, mwaga kutoka chupa hii yenyewe. Kingine, pitisha kwanza mu kopo. Mi nitatamia, weye huaminiki tena."

Na kweli alitamia, mwanamume mzima, amekaa kwenye gunia la muhogo na mikono ameikunja, akimwambia kila mteja kwamba leo hapokei salamu. Saa sita. Élysée alikuwa akitembea huku na huku barazani. Alijua. Mtu hujua kabla, lakini hungoja aonyeshwe.

Kichupa cha kwanza kilikuwa cheupe. Cha pili, kile kilichopita kwenye kopo, kilikuwa chekundu kama mawese.

Hakucheka mtu. Bisimwa akalichukua kopo, akaligeuza kwenye jua, akaingiza kidole pale chini palipobanduka. Kulikuwa na duara la weusi lililoingia ndani ya bati, na kando yake vidoadoa vya kijivu.

"Hii alama naijua," akasema taratibu. "Machimboni kila timu iko na kopo yake. Unaweka kibonge ya merikiri na dhahabu ndani, unaweka ku makaa, inatoa moshi. Hii kopo imechomewa dhahabu, ndugu yangu. Haiko mara moja. Miaka."

Élysée alikaa chini pale pale, kwenye tope. Aliliona jiko la nyumbani, mlango umefungwa ili wapita njia wasijue kwamba nyumba ile ina dhahabu, baba yake amechuchumaa na kibonge cha rangi ya fedha ndani ya kopo la buluu, na mtu akipepea makaa kwa kifuniko. Alimkumbuka mtu huyo pia. Akatoa simu, akampigia mama yake.

"Mama, uko unafanya nini?"

"Nakunywa chai. Umekula?"

"Mama, weka chini hiyo kopo."

"Juu ya nini? Iko na nini?"

"Weka chini kwanza. Mama, naomba. Usikunywe tena mu ile."

Alisikia kuku wa nyumbani, na kopo likigusa meza, likigongagonga kidogo kabla ya kutulia.

"Ile iko ya baba yako," mama akasema.

"Najua, mama. Alikuwa anachoma ndani yake."

"Rudi nyumbani," akasema. "Haya haiko mambo ya simu."

Njia ya kawaida ya kurudi Kasongo ilipita tena Kalubela. Iko njia ya mzunguko, na Bisimwa, kwa ubaya tu, alipunguza mwendo pale njia zinapoachana, akauliza, "Tunapita wapi, Munganga?" Élysée alitamani ile ya mzunguko kwa moyo wake wote. Lakini aliwakumbuka wanawake wakipanda bonde.

Mama Estelle aliita watu. Élysée alisimama juu ya ukuta wa chemchemi, kopo mkononi, akaeleza yote: mtumbwi, picha, chupa ya maji aliyoinywa, kopo la mama, mvua ya Kabambare. Alijaribu kuisema kitaalamu ikakataa, ikabaki kama ilivyokuwa. Kufika kwenye mvua mtu mmoja nyuma alianza kucheka, na baada ya hapo haikuzuilika.

"Kwa hiyo maji yetu iko muzuri?" Mama Estelle akauliza.

"Nimeyapima leo bila kopo. Bisimwa ameyatamia saa sita tangu tulipofika asubuhi, na nimetia na maji safi. Yote meupe. Maji yenu mazuri, mama. Mubaya nilikuwa mimi."

"Kunywa."

Akainama, akanywa kwa viganja, baridi mpaka meno.

"Sasa," Mama Estelle akasema, "wanawake wamepanda ile mulima siku tatu juu yako. Hatukupige. Weye utabeba." Akaonyesha mabidoni, yamepangwa. "Kila nyumba moja. Na kichwani, sawa vile sisi tunabeba. Siyo ku pikipiki."

Nyumba zilikuwa ishirini na sita. Kufika ya nne shingo iliingia mabegani. Kufika ya tisa alilowa mpaka soksi. Watoto walimfuata wakiita kokoriko. Vijana waliokuwa wakimkazia macho Bisimwa walimkaribisha muhogo na samaki, naye alikula kwa nafasi, akimhesabia Élysée nyumba kwa sauti kubwa. Kufika ya mwisho Mama Estelle alimpokea bidoni mwenyewe, akampa kitambaa ajifute.

"Mama yako iko namna gani?" akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

Élysée akainamia kitambaa, akajifuta uso. Mama Estelle akampiga bega. "Enda basi. Enda haraka."

Walifika Kasongo Jumapili asubuhi, kanisa likiwa limetoka. Mama Pascaline alikuwa amekaa uani. Mezani mbele yake lilikuwepo kopo la pili, limefunikwa kifudifudi.

"Sikulitupa," akasema. "Nilitaka nione kwa macho yangu."

Vilibaki vichupa viwili. Élysée alikuwa amenunua Kabambare chupa ya maji ya dukani, na safari nzima, kiu ikimkaba, hakuinywa hata funda. Bisimwa alikuwa shahidi na alimkagua mara mbili. Akatia maji hayo kwenye kichupa kimoja. Mengine akayamwaga kwenye kopo la mama, akayazungusha, akajaza cha pili. Akataka kuvifunga kwapani kwake.

"Lete," mama akasema. "Weye umechoka kutamia."

"Mama, ni saa sita."

"Nimelea watoto sita, nitashindwa na hii?" Akavichukua kwa mikono yake inayotetemeka, vikagongana, akavitia kwapani, akashusha mkono. Na hapo, mkono ukiwa umebanwa ubavuni, ukatulia kidogo. Bisimwa aliona vema aondoke.

Wakakaa. Jua lilipofika juu ya paa, mama akauliza.

"Unakumbuka baba yako alikuwa anaita nani kuja kupepea moto?"

"Wewe."

"Hapana. Alikuwa anaita weye. Élysée, kuja upepee! Na weye uko ku meza na madaftari yako. Mi namwambia: acha mutoto asome, nitapepea mimi." Akavuta pumzi. "Mulango imefungwa, moshi inajaa, macho inauma. Halafu nasafisha makopo na majivu, asubui tunatia chai. Kopo ni kopo. Kulikuwa makopo mawili tu."

Élysée alikumbuka. Alikumbuka sauti ya baba ikiita, na jinsi alivyokuwa akiinama zaidi kwenye daftari, akijifanya hakusikia, maana alijua mama atakwenda. Alikuwa akisoma kemia. Siku moja, anakumbuka vizuri, alikuwa akisoma ukurasa wa zebaki yenyewe, uzito wake, rangi yake, na alama yake ya herufi mbili, na ukutani nyuma yake mama alikuwa akikohoa. Akaanza kulia. Alilia vibaya, na makamasi, mtu wa miaka thelathini na moja mwenye shahada mbili.

"Nyamaza," mama akasema. "Utanifanya niinue mukono, vitapoa."

Saa zilipotimia alivitoa yeye mwenyewe. Cha maji ya dukani kilikuwa cheupe. Kile cha kopo kilikuwa chekundu, chekundu kuliko vyote alivyowahi kuviona Élysée tangu Lusangi. Mama alikiangalia sana, akikisogeza karibu na mbali.

"Kwa hiyo haikuwa Mama Nadine," akasema.

"Haikuwa yeye, mama."

"Miaka miwili simusalimie." Akafunika uso na kikwembe, mabega yakaanza kutikisika, na Élysée hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipoufunua uso akaona anafanya yote mawili. "Miaka miwili! Nikisikia anapita, nageuza kiti! Yo mama, nitamwambia nini?"

"Mikono itapona?" akauliza baadaye, akiwa ametulia.

Élysée alikuwa amejifunza kitu Kalubela. "Sijue," akasema. "Twende Bukavu wapime damu, wanganga wa kweli. Labda itapunguka. Sijue, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akaenda hadi uani kwa jirani, na Élysée alimsikia akibisha hodi, sauti ndogo, kisha mara ya pili kwa nguvu, kisha mlango ukifunguliwa na Mama Nadine akiuliza nani amekufa.

Akiwa peke yake, Élysée alitoa karatasi ya ripoti ya maabara. Alifuta Lusangi. Alifuta Kalubela, na vijito, na visima, na mvua ya Kabambare. Palipoandikwa mahali zebaki ilipopatikana, aliandika: jikoni kwetu, Kasongo. Palipoandikwa jinsi ilivyoingia, aliandika: mama alipepea moto ili mpimaji asome. Akajua mkubwa wake atairudisha, atasema haya si maelezo ya kisayansi. Akaiacha hivyo.

Mama alirudi na sahani ya samaki, imefunikwa, ameibeba kwa mikono yote miwili na imemwagika kidogo njiani. Mama Nadine alikuwa nyuma yake, ameshika vikombe vitatu vya udongo.

"Mama Nadine ametupa vikombe," akasema, akiweka sahani mezani. "Umekula?"

Élysée akasema bado.